Waliojipima Waswasi Mtandaoni: Tuwajibu Vipi?



Zamani muulizaji alituandikia: "Kila nikitawadha nahisi kiungo kimoja hakikupata maji." Leo anaanza na jina la ugonjwa: "Mimi nina OCD, nimejipima kwenye simu."

Wapo wanasihi wenzetu wanaomkatiza hapo hapo: huo ni waswasi wa shetani tu, soma adhkaar, achana na TikTok. Hatuoni kuwa huo ni uadilifu. Jina huenda si lake, lakini anayekaa bafuni hadi Alfajiri ikampita hakuyatoa hayo mtandaoni.

Wala hatulikubali jina kwa kuwa amekuja nalo. Hata dodoso linalotumika hospitalini kupima sonona, PHQ-9, lina maswali 9 tu kuhusu wiki 2 zilizopita. Kazi yake ni kuonyesha nani achunguzwe zaidi. Uchovu na huzuni huweza kuletwa na upungufu wa damu. Na mwenye bipolar akijinunulia dawa za sonona peke yake, zinaweza kumpandisha hadi akawa halali na anatapanya mali.

Lililotushughulisha zaidi, hata hivyo, ni sisi wenyewe. Mtu anauliza kama talaka imepita kwa neno lililompitia moyoni bila ya kulitamka. Tunamjibu: haikupita. Anatulia saa chache, kisha anaandika tena, amebadilisha neno moja. Mwenye maradhi haya kila akihakikishiwa huzidi kutaka kuhakikishiwa. Basi jibu letu la tano, japo ni sahihi kifiqhi, linamzidishia. Kwamba yakini haiondolewi na shaka ameshahifadhi, pengine kutushinda sisi.

Sasa tunamuuliza: Unapatwa na nini hasa? Tangu lini? Kwa siku inakuchukulia muda gani? Umeacha nini kwa ajili yake? Umewahi kufikiria kujidhuru? (Hili la mwisho wengi wetu tuliona haya kuliuliza.) Majibu hayo ndiyo aende nayo kwa daktari, iwe Kidongo Chekundu Unguja, Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi au hospitali iliyo karibu naye, akisema ndiyo kwa swali la mwisho, asiende peke yake, na aende siku hiyo hiyo.

Hukumu ya fiqhi tunampa mara moja. Akirudi na swali lile lile, tunamwambia kwa upole kuwa limeshajibiwa, na tunamuuliza kama amekwenda.

Wallaahu A‘lam.