Likizo ya Aprili: tuwatoe watoto nje



Ndugu wasomaji, wazazi wenzetu na wanafunzi, baada ya kumshukuru Allah (s.w.) aliyetufikisha mwisho wa muhula mwingine, tunaomba leo tuseme jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulisikia kutoka kwa walimu wa madrasa. Likizo hii tunataka watoto watoke nje. Hatusemi waende dukani kuleta sukari, wala wakae barazani na simu ya kaka. Tunasema watoke na baba na mama, wauone mji wanaoishi na vilima vinavyouzunguka.

Kila mwaka ifikapo Aprili, jamaa zetu walioko Brussels hututumia picha. Huko baridi inakuwa imeisha, miti inachipua, na watu wanatoka na watoto kwenda bustanini. Kusini mwa mji huo kuna msitu unaoitwa Hallerbos, ambao ardhi yake yote hugeuka zambarau kwa maua kwa wiki chache tu, kisha basi. Familia nzima hupanda treni kwenda kuyaona. Sisi huziangalia picha hizo hapa Nyamirambo, tunasema mashaallah, halafu tunazima simu na kuwaambia watoto wetu wakae ndani, mvua inakuja.

Ni kweli kwamba Kigali hatuna majira hayo. Aprili yetu ni itumba, mvua ndefu, na tope la vichochoro vyetu kila mmoja analijua. Lakini ni nani asiyejua pia kwamba huu ndio wakati vilima vyetu vinapendeza kuliko wakati wowote? Vumbi limetulia, kila kitu ni kijani, na asubuhi baada ya mvua ya usiku unaona mbali hadi unastaajabu. Ikifika Julai, kiangazi kikishika, majani yanakauka na watoto wanarudi na makoo ya vumbi. Basi wakati ni huu, na shule ndiyo imefungwa.

Sasa tukiri kosa letu kabla hatujawagusa wengine. Kwa miaka mingi sisi walimu ndio tuliokuwa wa kwanza kuila likizo ya watoto. Shule ikifungwa tu, tunatangaza darasa maalumu la kuhifadhi: saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, halafu baada ya alasiri mpaka magharibi. Wazazi walifurahi kwa sababu mtoto ana mahali pa kukaa. Sisi tulifurahi kwa sababu kurasa zinasonga. Tulijisifu kabisa kwamba watoto wetu hawana nafasi ya kucheza.

Kilichotuamsha ni mvulana mmoja wa miaka kumi na mbili, hodari sana, aliyekuwa amekwisha hifadhi juzuu tano. Siku moja alitusomea Suratul Ghaashiya bila kosa hata moja. Ilikuwa vizuri mno hata tukataka kumwongezea faida. Tukamuuliza: Mola wetu katika sura hii anatutaka tutazame vitu vinne, ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Wewe umevitazama vipi? Kijana akanyamaza, akaangalia chini, kisha akasema, "Ustadhi, mimi najua kuvisoma."

Hakuwa na utovu wa adabu, alisema kweli. Nyuma ya ukuta wa darasa letu uko Mlima Kigali, wenye zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kijana yule hajawahi kuupanda hata mara moja. Tulipouliza darasa zima, katika watoto zaidi ya thelathini walioupanda walikuwa wanne, na mmoja wao alikwenda kuokota kuni. Usiku ule hatukulala vizuri. Tumewafundisha jina la nyuki na faida za asali ndani ya Suratun Nahl, na hatujawahi kuwasimamisha mbele ya ua lenye nyuki. Tumewasomesha habari za ndege waliokunjua mbawa angani katika Suratul Mulk, darasa likiwa na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani.

Wapo wanaosema matembezi ni mambo ya Wazungu. Ndugu zetu, tuwe waangalifu. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Mama Aisha (r.a.) zaidi ya mara moja, kama ilivyopokewa na Abu Daud. Alimsimamia Mama Aisha awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, mpaka yeye mwenyewe akatosheka. Alikuwa akimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, kwa kumuuliza habari za ndege wake. Mtume wa Allah, mwenye umma wote mabegani, anakumbuka kwamba mtoto fulani ana ndege! Na katika Sahihi Muslim yapo mazungumzo na Handhala (r.a.), aliyedhani amekuwa mnafiki kwa sababu akifika nyumbani hucheza na wanawe na kushughulika na mali yake. Akaelezwa kwamba mambo ni saa kwa saa. (Ile kauli ya kuwafundisha watoto kuogelea, kutupa mishale na kupanda farasi, ambayo wengi huitaja kama hadithi ya Mtume, hunasibishwa na Umar (r.a.). Tunaitaja hapa ili tusimzulie Mtume jambo hata tunapotaka kuwafurahisha watoto.)

Pesa ndiyo hoja tunayoiheshimu zaidi, kwa sababu tunazijua nyumba zenu na mnaijua ya kwetu. Mwenye watoto sita hawezi kupeleka wote mahali pa kulipia kila mmoja, akanunua na soda. Lakini tumeligeuza jambo hili likawa la anasa sisi wenyewe. Tumedhani matembezi ni mgahawa wenye viti vya kubembea. Mlima Kigali unapandwa kwa miguu kutoka Nyamirambo bila kutoa hata faranga moja. Jiji lilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara kubwa, na sasa hufanya hivyo Jumapili mbili za mwezi, saa za asubuhi, magari yasipite ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Mtoto ambaye kila siku anaambiwa "toka barabarani utagongwa" anapewa barabara nzima awe mfalme wake. Muziki wa mazoezi upo, hatukatai, lakini barabara ni ndefu, mtu husogea mbele akauacha nyuma. Hata Biryogo hapa kwetu, mtaa ulioanza kama kambi waliyotengewa Waswahili enzi za Wabelgiji, una barabara iliyofungwa magari na kupakwa rangi tangu 2021. Baba akiwakalisha wanawe pale kwa kikombe cha chai ya tangawizi, akawaonyesha babu yao alikaa nyumba ipi, hayo ni matembezi kamili.

Kwa wenye uwezo kidogo ipo bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa 2022. Zamani lilikuwa bonde lililoharibiwa, leo ni hekta 121 za maji, miti na njia za kutembea, na ndege wa aina zaidi ya mia moja. Ukipeleka watoto huko usiwaharakishe. Mtoto akisimama robo saa kumtazama ndege mmoja, mwache.

Safari yetu ya kwanza, tusifiche, ilikuwa aibu. Tulipanda Mlima Kigali na watoto baada ya adhuhuri, tukitaka kwanza wamalize somo. Mwalimu ni mwalimu tu! Katika Aprili mvua hupenda kuja mchana, na sisi tuliozaliwa hapa tulisahau. Ilitukuta juu, hakuna pa kujikinga, misahafu miwili ikalowa, viatu vya plastiki vikabaki kwenye tope, na alasiri tukaiswali tukiwa tumechelewa na tunatetemeka. Kesho yake mama mmoja alikuja na mwanawe anayekohoa, akatuambia maneno ambayo tuliyastahiki. Tangu siku hiyo tunatoka baada ya kifungua kinywa na kurudi kabla ya adhuhuri, na hakuna msahafu unaobebwa. Kilichomo kifuani kinatosha.

Safari ya pili ndiyo iliyotufanya tuandike haya. Tuliwapeleka Kijiji cha Umusambi, upande wa mashariki wa mji, mahali palipofunguliwa 2021 kwa ajili ya wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani, umusambi kwa Kinyarwanda. Kwa miaka mingi watu wenye nyumba kubwa na hoteli waliwakamata porini wakawafuga bustanini kama mapambo, na ili wasiruke wakawakata mbawa au kuwavunja. Waliopona walirudishwa porini. Wale wasioweza tena kuruka wanaishi pale, zaidi ya hamsini, wakitembea majini kwa maringo yao.

Watoto walikuja na kelele zao, lakini walipoambiwa habari hiyo wakanyamaza wote. Msichana mmoja wa miaka tisa, ambaye darasani hajawahi kuuliza swali, akauliza, "Maalim, aliyewakata mbawa alikuwa Muislamu?" Tukasema hatujui, huenda wamo wa kila namna. Akauliza tena, "Na Abu Umayr, ndege wake alikuwa amekatwa?" Hapo tuliomba muda wa kufikiri. Wanazuoni wamejadili kumfuga ndege kwa karne nyingi, na wengi wameruhusu kwa sharti asidhuriwe na apewe chakula na maji. Tulimweleza hivyo. Lakini swali lile halikutoka kwenye kitabu chochote tulichomsomesha. Lilitoka kwa korongo aliyesimama mbele yake akijaribu kufungua bawa ambalo halipo. Tungekaa darasani mwaka mzima kueleza rehema kwa wanyama na tusingefika pale.

Tukirudi tuliona jambo jingine lililotusumbua. Wasichana wetu wakubwa, wa miaka kumi na tatu na kuendelea, hawakuwepo. Kaka zao walikuja. Wao walibaki kufua na kulea wadogo, kwa sababu eti ni likizo na mikono ipo. Tulipouliza tukajibiwa "stara." Ndugu zetu, stara haina mgogoro na mlima. Msichana aliyejisitiri, akifuatana na baba yake au kaka yake, asubuhi, mahali pa wazi, ana kosa gani? Tusiite stara kile ambacho ni uvivu wetu wa kufua nguo zetu. Binti huyu miaka michache ijayo ataolewa, awe mama wa wajukuu wenu, na atawatoa matembezi kwa kumbukumbu zipi?

Limebaki jambo zito, nalo wazazi wengi wametuuliza. Aprili kwa nchi yetu si mwezi wa furaha. Kuanzia tarehe 7 mpaka 13 tuko katika wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mwaka 2024 hata Idi yetu iliangukia tarehe 10, siku ya nne ya wiki hiyo, na tuliisherehekea kwa sauti ya chini. Je, ni sawa kuzungumzia matembezi?

Maoni yetu ni haya. Katika wiki ile hapana. Ni wiki ya kukaa na jirani, kusikiliza na kuwasaidia walionusurika. Lakini msiwaache watoto wakae nayo kimya bila kuielewa. Wakubwa wao, wale wa sekondari, mnaweza kuwapeleka Gisozi, walikozikwa zaidi ya watu 250,000, mkiwaandaa kabla na kuzungumza nao baada. Wadogo washikeni mkono mtembee nao tu hapa mtaani. Yapo majumba hapa ambamo Waislamu waliwaficha majirani zao, mtu akijua kwamba akigunduliwa anakufa yeye na wanawe. Si wote waliofanya hivyo, na hilo pia mtoto aambiwe akifikia umri wake. Wazee walioona wangali hai, lakini kila mwaka tunazika baadhi yao. Mtoto akionyeshwa mlango, akaambiwa "hapa ndipo," hatasahau. Baada ya tarehe 13, kwa utulivu na bila ngoma wala makelele, watoke waione ardhi ya Mola wao.

Kwa hiyo mwaka huu madrasa yetu itasoma siku tatu tu kwa wiki katika likizo, na zinazobaki tunazirudisha kwenu. Kuna mzazi aliyekwisha kutuambia kwamba tumevivia kazi. Tumemkaribisha aje nasi.

Jumamosi ya kwanza baada ya wiki ya maombolezo tutapanda Mlima Kigali. Tukutane mlangoni mwa madrasa saa moja na nusu asubuhi. Kila mtoto aje na viatu vya kufunga, chupa ya maji na sweta, na mama wenye mikeka mtuazime. Chapati na chai tutachangia. Wasichana wakubwa wanaalikwa kwa majina yao, na barua zimekwisha kutumwa nyumbani. Na akina baba tunawaomba kwa namna ya pekee, maana safari ya korongo tulikuwa na watoto ishirini na saba, mama kumi na wawili, na baba wawili tu, ambao mmoja wao alikuwa ni dereva wa basi.