KIJANA, KABLA HUJAPANDA LILE PAA

Umepigiwa simu asubuhi. "Kuna kibarua, njoo na nyundo. Tunabomoa paa la zamani, jioni mnalipwa." Huna kazi na nyumbani wanakungoja. Unaenda, na hakuna wa kukulaumu.

Lakini liangalie hilo paa kwanza. Kama si bati la chuma, ni yale ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, yanayofanana na simiti, huenda ni asbesto. Bado yapo kwenye nyumba za serikali za zamani, mashule na maghala. Likiwa zima halina shida kubwa. Ukilipiga nyundo au ukilikata kwa grinda, linatoa vumbi la nyuzi ndogo sana, jicho halizioni. Ukizivuta zinakwama kwenye mapafu, na nyingi hazitoki tena.

Halafu hakuna kinachotokea, na hapo ndipo tunapodanganyika. Jioni hukohoi, kesho unarudi kazini. Inapita miaka 20, 30, hata 40. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Kwa asbesto, majuto yanakuja wakati mjukuu unaye kweli: saratani ya mapafu, au mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo mara nyingi huua. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani. Na ukiwa mvutaji sigara, hatari ya saratani ya mapafu inapanda zaidi.

Sasa jiulize: siku hiyo utampata wapi aliyekuita kibarua? Hukuandikiwa chochote, na namba yake ilishafutika.

Afrika Kusini walipitia haya. Mwaka 1960 daktari Chris Wagner na wenzake waliandika kuhusu wagonjwa 33 wa mesothelioma, wengi wao kutoka eneo la machimbo ya asbesto la Northern Cape. Baadhi hawakuwahi kufanya kazi mgodini, waliishi tu karibu. Wafanyakazi na majirani wa migodi ya kampuni ya Cape walienda kuidai Uingereza kwenyewe. Mwaka 2000 mahakama ya juu huko ilikubali kesi isikizwe, na fidia ikapatikana 2003. Walishinda, ndio, lakini wengine walikuwa washazikwa. Pesa haikuwarudishia pumzi.

Sisi tusisubiri kufika huko. Kanuni za taka za Kenya za 2006 zimeiweka asbesto kwenye taka hatari. Kuibeba kunahitaji leseni ya NEMA, na haitupwi popote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akulinde. Ukiripoti hatari kubwa, hana ruhusa kukulazimisha urudi pale mpaka airekebishe. Hata kibarua wa siku moja ana haki.

Kwa hivyo, ukifika site, uliza kwa sauti: hii ni asbesto? Kama ni hiyo, dai maski maalum ya vumbi hatari na nguo za kuvaa juu. Leso au maski ya kitambaa haizuii kitu. Paa limwagiwe maji kwanza, vipande viteremshwe vizima, pasifagiliwe pakiwa pakavu. Usibebe kipande nyumbani kujengea banda la kuku. Na usirudi na nguo za vumbi: kuna wake waliougua kwa kufua nguo za waume zao tu.

Mkikataa wote kumi, kazi itasimama na tajiri atanunua vifaa. Ukikataa peke yako, ataita mwingine kama wewe. Ndiyo maana hili si la mtu mmoja. Mwambie rafiki yako wa mjengo leo usiku, kabla hajapigiwa simu kesho asubuhi.