Mwanafunzi Apewe Kazi, Asipewe Nywila ya Mkubwa

Kila mwaka vyuo vyetu huwatawanya vijana katika ofisi za umma ili wapate mafunzo kwa vitendo. Miongoni mwao sasa wamo wanaosomea usalama wa mtandao, elimu ambayo Chuo Kikuu cha Dodoma kinaitolea shahada, na ambayo vijana wa Unguja na Pemba nao huifuata Bara. Kijana wa namna hiyo aweza kujikuta amepangiwa Isikizya, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora. Tunauliza: akifika huko, atakabidhiwa kazi gani?

Swali hili si dogo. Katika halmashauri zetu leo, mishahara, malipo ya wazabuni na kumbukumbu za wagonjwa vimo ndani ya kompyuta. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika, na ofisi iliyopokea taarifa za mwananchi inawajibika kuzilinda.

Wazee wa visiwani hawahitaji kufundishwa habari ya njia ya Tabora. Mizigo iliyofungwa Unguja ilivushwa hadi Bagamoyo, ikachukuliwa mabegani na Wanyamwezi mpaka Unyanyembe, na kutoka hapo mpaka Ujiji. Mwaka 1871 Livingstone alifika Ujiji akitumaini kuzikuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja. Akaambiwa kwamba Sherifu, aliyekabidhiwa kuzilinda, amekwisha kuziuza zote, kwa hoja kwamba alipiga bao kwa Msahafu akaona mwenye mali amekufa. (Sisi tuliokaa mbele ya mwalimu na kibao twajua kuwa Msahafu haukuteremshwa kwa kazi hiyo.) Mali ile haikuporwa na majambazi wa porini. Iliuzwa na mwenye dhamana, na hakukuwapo mtu wa kumkagua.

Hapo ndipo penye kasoro katika ofisi nyingi hata leo. Ama mwanafunzi hutumwa kutoa nakala na kubadili wino wa mashine, akarudi chuoni mikono mitupu. Ama, na hili ni baya zaidi, huachiwa kila kitu. Tumepata kuiona ofisi moja, ambayo hatutaitaja, ambako nywila ya mkuu wa idara ilibandikwa kwenye kioo cha kompyuta, na kijana wa mafunzo akaidhinisha malipo kwa jina la mkuu huyo aliyekuwa safarini. Fedha zikipotea siku kama hiyo, kumbukumbu za mtambo zitamtaja mkubwa, mkubwa atamtaja mwanafunzi, na mwanafunzi hana wa kumtaja.

Tena iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo katika kifungu chake cha 4 inafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai. Kijana akiambiwa kwa mdomo tu "hebu jaribu kama mtu anaweza kuingia", naye akaingia, atajitetea kwa karatasi ipi?

Kazi za kumpa hazikosekani. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisimamisha shughuli katika hospitali za Uingereza, ilhali dawa yake ilikwisha kutolewa tangu Machi. Ila kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa dawa hiyo. Basi mwanafunzi azikague kompyuta moja moja. Ajaribu kurejesha nakala za akiba, maana nakala ambayo haijapata kujaribiwa ni matumaini tu. Atafute akaunti za watumishi waliohamishwa au kustaafu ambazo hazijafungwa: afisa aliyekwenda Sikonge hana sababu ya kuendelea kufungua vitabu vya Uyui. Awaeleze makarani na wananchi juu ya matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii".

Viongozi wengine watasema kwamba mgeni hawezi kuaminiwa kwa siri za Serikali. Hofu hiyo ina haki, lakini Tabora hasa isitoe udhuru huo, kwani Chuo cha Uhazili kilichokuwa hapo kilikuwa kikiwafundisha vijana kutunza siri za ofisi tangu enzi za taipureta. Mwanafunzi ale kiapo cha siri, apewe akaunti kwa jina lake mwenyewe, inayomruhusu kusoma bila kubadili, nayo ifungwe siku anayoondoka.

Tunawaomba wakurugenzi wa Bara, na wakuu wa ofisi hapa Visiwani wanaopokea vijana hao hao, waandike hayo katika barua ya kumpokea mwanafunzi: nani anamsimamia, nini aguse na nini asiguse. Na taarifa ya kasoro atakazoziona aisome Mkurugenzi mwenyewe, kabla kijana hajapanda basi la kurudi chuoni.