Gurudumu Si Kipimo cha Ustaarabu

Kuna kauli moja iliyonichosha masikio, nami leo nataka kuijibu. Husemwa na wageni, na siku hizi husemwa hata na vijana wetu wenyewe, kwamba watu wa pwani tulikuwa nyuma kwa sababu wazee wetu hawakuwa na gari la magurudumu. Na kauli hiyo huzaa ya pili: kwamba Lamu, kwa kuwa mitaa yake hupitwa na punda na watu wa miguu, ni mji uliosahauliwa na maendeleo, na pikipiki ziingiazo humo zimekuja kuuokoa.

Ndugu msomaji, tuanze na asili ya kitu chenyewe. Gurudumu la gari lilionekana kiasi cha miaka 3,500 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa, na miongoni mwa mahali pa kale lilikojulikana ni nchi ya mito miwili, ambayo leo ni Iraki. Lakini gurudumu peke yake halifai kitu. Lataka mnyama wa kulikokota, na lataka njia ngumu iliyo sawa. Wenyeji wa Meksiko ya kale walifinyanga vinyama vya udongo vyenye magurudumu, basi siri yake waliijua. Magari hawakuunda, kwani hawakuwa na ng'ombe wala farasi wa kuyavuta. Huku kwetu bara palikuwa na mbung'o, aliyeua ng'ombe, farasi na punda, ndipo shehena za misafara zikachukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Hiyo si akili pungufu. Ni hesabu.

La kustaajabisha zaidi ni habari ya Waarabu na majirani zao. Nchi za Shamu na Misri zilikuwa na magari na barabara za Warumi, kisha zikayaacha! Mwanahistoria wa Marekani, Richard Bulliet, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1975. Ngamia mwenye matandiko mazuri alichukua mzigo kwa gharama ndogo kuliko gari la ng'ombe, wala hakuhitaji barabara. Hata Uislamu ulipoenea, miaka 1,400 hivi iliyopita, magari yalikuwa yamekwisha kutoweka katika sehemu kubwa ya nchi hizo. Na mji usiopitwa na gari hauna haja ya njia pana. Nyumba zikasogeleana, vichochoro vikapata kivuli. Je, nani atathubutu kusema kwamba watu wa Baghdad na Dameski, waliowafundisha walimwengu hesabu na tiba, walikuwa washenzi kwa kukosa mkokoteni?

Tena gurudumu lenyewe hawakulitupa. Walilitia kazi nyingine. Huko Hama, katika Syria, kando ya mto uitwao Asi, yamesimama magurudumu makubwa ya mbao yanayozungushwa na nguvu ya maji. Moja lao, lililojengwa mwaka 1361, lina kimo cha mita 20 hivi, na kazi yake ilikuwa kupandisha maji hadi kwenye msikiti mkuu wa mji. Kabla yake, mnamo 1206, fundi al-Jazari alikamilisha kitabu cha mitambo, na ndani yake akachora vyombo vya kuteka maji kwa magurudumu yenye meno.

Na sisi je? Ukitaka kujua kama Mswahili alilijua gurudumu, sikiliza lugha yake. Foromali ya jahazi ilipandishwa kwa kamba iliyopita katika roda, na roda ni neno la Kireno lenye maana ya gurudumu. Cherehani ya fundi wa kanzu imepata jina lake kwa Waajemi, ambao charkh kwao ndilo gurudumu. Gari tumelitoa kwa Wahindi. Matendegu ya vitanda vya wazee wetu yalikerezwa kwa keezo, mti ukizunguka na patasi ikila. Kila mgeni aliyetia nanga alituachia duara lake, nasi tukachukua lililotufaa. Na ilipoanza kujengwa reli kutoka Mombasa mwaka 1896, kisha zikaja barabara, mahamali wa Mombasa hawakungoja kufundishwa: wakashika mikokoteni.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ya Lamu. Mji ule uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mitaa yake ilipimwa kwa punda mwenye shehena, si kwa injini. Pikipiki ipitapo mbio katika kichochoro, mtoto atokaye chuoni hana pa kukimbilia, na bibi kizee hana ukuta wa kuegemea ila ule ule unaokwaruzwa.

Najua wako watakaoniuliza: na mgonjwa wa usiku je? Na kijana anayetafuta riziki yake? Maswali hayo ni ya haki, na asiyeyajibu hana insafu. Jibu langu ni kwamba tusilikatae gurudumu, bali tulipangie mahali pake. Kiti cha kilema, kitanda cha mgonjwa chenye magurudumu, mkokoteni wa taka, vyote hivyo viingie hadi mlangoni. Pikipiki zikomee nje ya mji wa kale, pahali maalumu patakapokubaliwa na wazee, vijana na serikali ya kaunti, na mwenye kuendesha apate abiria wake pale. Mji usimnyime riziki, naye asiunyime mji usalama wake.

Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Watu wa Lamu wakiamua kubadili mitaa yao, na waibadili kwa kujua wanachokipata na wanachokipoteza. Wasiibadili kwa haya, eti kwa kuwa mtu fulani kawaambia kwamba asiye na gari hana ustaarabu.