Kata video yako, ila usikate kasoro



Sisi tunaouza mtandaoni tunaambizana kila siku tufupishe video. Sawa kabisa. Ila hakuna anayesema nini kisikatwe, na mimi hapo ndipo nilipopigwa.

Nauza viatu vya mtumba hapa Morogoro. Video narekodia sebuleni nyumbani. Zamani nikifungua balo narekodi video moja tu, jozi baada ya jozi, dakika 11, halafu naposti hivyo hivyo. Maswali yake sasa: "Ile nyeupe bei gani?" Nyeupe ipi? "Ile ya katikati." Jamani, mteja hana bando la kutafuta kiatu ndani ya dakika 11. Anaondoka zake.

Nikanunua kompyuta ya mtumba, nikajifunza mwenyewe. Natumia Avidemux, ni ya bure na haihitaji mashine kubwa. Nafanya hivi:

1. Video naihamisha kwa waya wa USB. Usijitumie kwa WhatsApp, inapunguza ubora.

2. Naifungua, kwenye Video Output na Audio Output naacha Copy, na Output Format naweka MP4 Muxer. Ukiacha Copy, programu haitengenezi video upya, inakata tu. Ndiyo maana inamaliza haraka na ubora unabaki ule ule.

3. Nasogea mpaka kiatu kinapoanza, nabonyeza A. Kinapoisha, nabonyeza B. Nikihifadhi, kinatoka kile kipande tu. Narudia kwa jozi inayofuata. Kwenye Copy, mwanzo wa kipande usiuweke popote tu, video inaweza kuanza na picha iliyovurugika. Tumia mshale wa juu au wa chini wa kibodi, unakurukisha kwenye sehemu salama za kukatia.

4. Kila kipande nakipa jina lake: raba nyeupe 41, elfu 28. Na jina la faili liwe jipya, usihifadhi juu ya video mama.

Mauzo yakachangamka. Na mimi nikanogewa na mkasi. Wakati huo status ya WhatsApp ilikuwa mwisho sekunde 30, basi nalazimisha kila kiatu kiingie humo. Raba moja ikagoma, ina sekunde 38. Nikakata nane za mwisho, nikaona isiwe tabu.

Dada mmoja wa Dodoma akainunua, nikamtumia kwa basi. Siku ya pili akanipigia: "Kaka, soli imeachia kisigino. Hukuona?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, dada, mimi kasoro huwa nazisema.

Nikafungua video mama kwenye kompyuta ili nimtumie ushahidi. Nikajisikia kwa sauti yangu mwenyewe: "Hapa kisigino kimeachia kidogo, ukipiga gundi kinakaa." Zilikuwa zile sekunde nane.

Nilikuwa nimesema ukweli, halafu nikaukata mwenyewe. Kwake yeye mimi ni tapeli tu, na siwezi kumlaumu. Nilimrudishia elfu 28 yake na nauli ya mzigo. Hela ilirudi, mteja hakurudi.

Ndiyo maana nasema video fupi siyo sifa yenyewe. Mteja wa dukani anageuza kiatu, anakunja soli, ananusa kabisa. Wa mtandaoni hana mikono, mikono yake ni video yako. Ukikata pale alipotakiwa kugeuza, umemfunga mikono halafu unamwambia alipe.

Siku hizi nakata salamu ndefu, nakata mtoto akilia, nakata mimi nikitafuta jozi ya pili. Kasoro naiweka mwanzoni kabisa, ili hata nikibanwa na muda mkasi usiifikie. Na video mama sifuti mpaka mteja aniambie amepokea na ameridhika.

Utasema ukionyesha kasoro hawanunui. Wapo wasionunua, kweli. Ila anayenunua akiwa ameiona hakupigii simu siku ya pili.

Leo kabla hujaposti, iangalie ile sehemu unayotaka kuifuta. Kama mteja angekuwa dukani kwako angeiona, iache.

Biashara njema.