Mwalimu Hafundishwi kwa Sahihi

Wako wakubwa wadhanio ya kuwa mwalimu amekwisha kutiwa elimu siku ile jina lake lilipoandikwa katika orodha ya mahudhurio. Sisi makarani ndio tuandikao orodha hizo, tukazijumlisha, tukazipiga muhuri, tukazipeleka mbele. Twajua basi yaliyomo: majina, sahihi, na hesabu ya posho. Elimu hatujaiona humo.

Twalinena neno hili kwa kuwa jambo jema laelekea kuharibika. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka utaratibu uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, utakao walimu wakutane shuleni mwao, katika Jumuiya za Ujifunzaji, wasemezane juu ya mambo yanayowatatiza katika kufundisha. Haihitajiwi safari, wala hoteli, wala mgeni wa mbali mwenye sanduku la makaratasi. Nasi twausifu utaratibu huo. Walakini mada ikishuka kutoka juu, imekwisha kuandikwa pamoja na tarehe ya kurudisha taarifa, mwalimu mkuu huisoma, walimu hutia sahihi, na taarifa hurudi ilikotoka. Hapo jumuiya imebaki jina tu.

Na tutazame Ihumwa yetu. Mtoto wa Kigogo huingia darasa la kwanza na lugha ya mama yake, na lugha ya darasa ni Kiswahili. Kando yake ameketi mtoto wa mtumishi aliyeletwa na uhamisho wa Serikali kuja Dodoma, ulioanza mwaka 2016. Huyu hajui neno moja la Kigogo. Mvua zikinyesha, kati ya Desemba na Aprili, wa kwanza huitwa shambani au machungani. Wa pili yuko darasani kila siku. Wafundishweje kusoma pamoja? Swali hili halikuzaliwa ofisini. Ni la mwalimu wa chumba kile, na yampasa ajaribu njia moja juma hili, aangalie nani amesoma na nani amenyamaza, amwite mwenzake aketi nyuma atazame, wahojiane bila haya, kisha ajaribu njia nyingine. Huko ndiko kujifunza kazi, na hakuna waraka uwezao kumfanyia.

Watatujibu: “Mwalimu akiachiwa hiari yake, atalala.” Je, wamesahau? Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote ilipoharakishwa ifikie mwaka 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakawa wakifundisha na kusomea ualimu papo hapo, kwa masomo ya posta na ya redio. Wengi wamewadharau, na kweli haraka ile ilipita kiasi. Lakini mtu aliyekuwa na watoto mbele yake asubuhi alikuwa na sababu ya kufungua kitabu jioni. Sababu hiyo haipatikani kwa amri. Jirani zetu wa Kenya waliijaribu amri mwaka 2021: Tume yao ya walimu ilitaka kila mwalimu asome kozi zilizopangwa na kulipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Ilizaa ugomvi na chama cha walimu.

Tena sisi tusimame wapi tuseme hiari haiwezi kitu? Chama cha watumishi Waafrika kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, chini ya Bwana Martin Kayamba, makarani na walimu hawakungoja kuamriwa.

Mwalimu mkuu ndiye mlango wa jambo hili. Akiingia darasani na daftari la makosa, walimu watamficha udhaifu wao, nao utakua gizani. Akianza yeye, akawaita walio chini yake waje kulitazama somo lake na kulichambua, nani atakataa zamu yake?

Nasi tunayo sehemu yetu. Fomu tuzijazazo zauliza wangapi walihudhuria. Twataka iongezwe mistari miwili: ni swali gani walimu walilichagua wenyewe, na walipolijaribu darasani wakaona nini. Twaliomba tawi lipeleke neno hili kwa Afisa Elimu kabla fomu za muhula ujao hazijapigwa chapa.