Dawa ya farasi wa mbio Marekani: Tiba au hila?

FARASI wa mbio anapokimbia kwa kasi kubwa, shinikizo la damu mapafuni mwake hupanda kiasi cha kupasua mishipa midogo ya damu. Baadhi hutokwa damu puani. Wengi huvuja ndani kwa ndani bila watazamaji kujua.

Ndiyo maana wakufunzi nchini Marekani wamekuwa wakiwadunga farasi furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo maarufu kwa jina la Lasix, takriban saa nne kabla ya mbio. Jimbo la New York, lililoipinga kwa muda mrefu, liliiruhusu mwaka 1995. Ikawa desturi kwa farasi walio wengi, wanaovuja damu na wasiovuja.

Watetezi wake wana hoja nzito. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2009 uliwapima farasi 167, kila mmoja akikimbia mara moja kwa dawa na mara moja bila dawa. Ulithibitisha kuwa dawa hiyo hupunguza uvujaji. Kwao, kumnyima mnyama kinga hiyo ni ukatili.

Tatizo ni kwamba farasi aliyedungwa hukojoa sana na kupungua uzito, pengine kwa kilo kumi au zaidi. Mchezo unaompima mpanda farasi pamoja na tandiko lake hauwezi kudai kuwa kilo hizo si kitu. Kwa wanariadha binadamu, dawa za aina hii zimepigwa marufuku. Uingereza na Hong Kong nazo haziruhusu itumike siku ya mbio.

Baada ya vifo vya farasi katika uwanja wa Santa Anita, California, mwaka 2019 kuzua hasira, ingawa havikuhusishwa na dawa hii pekee, Marekani ilipitisha sheria ya taifa Desemba 2020. Kanuni zilizofuata ziliizuia siku ya mbio kwa farasi wa miaka miwili na katika mbio kubwa za heshima, huku majimbo yakiruhusiwa kuomba muda wa miaka mitatu kwa mbio nyingine, ili utafiti ufanyike.

Hata hivyo, maabara haiwezi kumaliza ubishi huu peke yake. Kama farasi hawezi kushindana bila kuvuja damu, swali si dawa ipi apewe, bali ni iwapo alistahili kupelekwa uwanjani.